Kuchunguza Ufundishaji wa Kiingereza kwa Njia ya Kazi katika Darasa la Sekondari Lenye Kompyuta: Masuala ya Mbinu

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna mtafiti anavyoweza kuchunguza somo la Kiingereza linalofundishwa kwa njia ya kazi katika darasa la sekondari ambamo kila mwanafunzi, au kila jozi ya wanafunzi, ina kompyuta. Hoja yetu ni kwamba vyombo vya uchunguzi tulivyovizoea viliundwa kwa ajili ya darasa ambamo somo husikika, ilhali katika darasa lenye skrini sehemu kubwa ya somo haisikiki kabisa. Tunapendekeza kwamba mchunguzi aanze na swali la pengo: ni kitu gani ambacho mwanafunzi hana, na anakipata kwa njia gani? Aidha, tunajadili nafasi ya Kiswahili katika utekelezaji wa kazi hizo kwa kurejelea shule za sekondari za Tanzania.

1.0 Utangulizi

Utafiti kuhusu Kiingereza katika shule za sekondari za Tanzania umekuwa, kwa muda mrefu, utafiti wa matokeo na wa sera zaidi kuliko utafiti wa darasa. Ripoti ya Criper na Dodd (1984), ambayo hadi leo hairukwi na yeyote anayeandika juu ya suala hili, iliegemea kwa kiasi kikubwa majaribio ya lugha waliyopewa wanafunzi wa ngazi mbalimbali. Ilidhihirisha kwamba wanafunzi wengi hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kusomea masomo mengine, kisha ikapendekeza Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia. Mjadala uliofuata, ukiwamo ule wa kitabu kilichohaririwa na Rubagumya (1990), uliikabili tofauti hiyo kati ya ushahidi na pendekezo. Hata hivyo, swali la nini hasa hutokea kati ya kengele ya kuanza kipindi na kengele ya kukimaliza, dakika baada ya dakika, limejibiwa kwa uchache.

Swali hilo linazidi kuwa gumu kwa sababu darasa lenyewe linabadilika. Kenya ilianza mwaka 2016 kugawa vifaa vya kidijitali kwa wanafunzi wa darasa la kwanza, na katika miji yote mikubwa ya Afrika Mashariki zipo shule za sekondari zenye chumba cha kompyuta, projekta na intaneti. Mzazi anayelipa karo huonyeshwa chumba hicho kabla hajaonyeshwa maktaba. Gharama zake ni kubwa, na ni haki ya anayezibeba kuuliza kama lugha inafundishwa vizuri zaidi mle kuliko katika darasa la ubao na chaki.

Tahadhari ya kwanza ilikwisha kutolewa na Cuban (2001). Mtafiti huyu alikwenda mahali ambapo hoja ya uhaba wa vifaa isingeweza kutolewa, yaani shule za bonde la Silicon, California, ambako kompyuta zilikuwa tele na kampuni zinazozitengeneza zilikuwa jirani. Katika shule mbili za sekondari aliwafuata walimu na wanafunzi kutwa nzima, akaingia madarasani, akawahoji. Alichokikuta ni kwamba walimu wengi walizitumia kompyuta kwa nadra au hawakuzitumia kabisa darasani, na wengi wa waliozitumia waliendelea kufundisha kama walivyofundisha zamani. Jambo linalotuhusu sisi hapa ni njia iliyomfikisha kwenye matokeo hayo. Angalihesabu vifaa, angaliandika kwamba shule zile ni za kisasa. Alifuata watu, akaona jambo jingine.

2.0 Kazi si zoezi

Kabla ya kuendelea hatuna budi kutua kwenye istilahi, kwa kuwa Kiswahili hapa kinatupa msaada na pia kinatuwekea mtego. Tunatumia neno "kazi" kwa maana ya shughuli ambayo mwanafunzi huitekeleza ili kufikia matokeo fulani yasiyo ya kiisimu, na ambayo ili aifanikishe hana budi kutumia lugha anayojifunza. Kupanga safari, kutambua mwizi kutokana na maelezo ya mashahidi watatu wanaopingana, kugawa fedha kidogo kwa mahitaji mengi: hizo ni kazi. "Zoezi" tunalihifadhi kwa shughuli ambayo lengo lake ni umbo la lugha lenyewe, kama vile kujaza nafasi zilizoachwa wazi au kugeuza sentensi za wakati uliopo ziwe za wakati uliopita. Mtego ni kwamba mwalimu na mwanafunzi wa kawaida huyatumia maneno haya mawili kwa kubadilishana. Mwalimu akisema "fanyeni kazi ukurasa wa 34", yamkini anawatuma kwenye zoezi. Mchunguzi asichukue jina alilolikuta kwenye andalio la somo akaliandika kama ndilo tukio.

Kazi inapozingatiwa hivi, kila moja huwa na pengo ndani yake. Prabhu (1987) alitofautisha mapengo ya aina tatu: pengo la taarifa, ambapo mmoja anajua asichokijua mwenzake, pengo la fikra, ambapo wote wana taarifa zilezile lakini jibu halipatikani ila kwa kufikiri kutokana nazo, na pengo la maoni, ambapo mtu hutakiwa kutoa hisia au msimamo wake mwenyewe. Yeye alilipendelea la pili. Sababu yake ina uzito kwetu: katika pengo la taarifa mwanafunzi anaweza kupitisha maneno aliyopewa bila kuyatafakari, na katika pengo la maoni hakuna cha kumwonyesha kwamba amekosea, lakini katika pengo la fikra maana humlazimisha mwanafunzi kurudi kwenye lugha tena na tena mpaka jibu likae sawa.

Inafaa kukumbusha kwamba mawazo haya hayakuzaliwa katika darasa tajiri. Mradi wa Bangalore, ulioendeshwa kusini mwa India kati ya mwaka 1979 na 1984, ulifanyika katika shule za kawaida ambamo mwalimu alikuwa na ubao, chaki na karatasi. Ratiba za treni, ramani na kalenda ndizo zilizokuwa malighafi. Mwalimu aliitekeleza kwanza kazi moja pamoja na darasa zima kwa maswali na majibu, kisha wanafunzi wakapewa nyingine inayofanana nayo waifanye kila mmoja peke yake. Hata kazi za vikundi Prabhu hakuzihimiza, akihofia kwamba wanafunzi wangezoezana makosa. Msomaji anayedhani kwamba ufundishaji kwa njia ya kazi unahitaji kompyuta, au hata kwamba unahitaji vikundi, ametazama chimbuko lake kwa mbali mno.

3.0 Vyombo vya kuchunguzia na tatizo la ukimya

Chombo maarufu kuliko vyote katika historia ya uchunguzi wa darasani ni kile cha Flanders (1970). Mchunguzi huketi nyuma ya darasa na kila baada ya sekunde 3 huandika tarakimu moja. Makundi ni 10: saba ya maneno ya mwalimu, mawili ya maneno ya mwanafunzi, na la kumi ni la ukimya au vurugu. Kipindi cha dakika 40 huzaa tarakimu 800. Zikijumlishwa, hutoa picha ya nani ametawala mazungumzo, na picha hiyo ilitumika kuwaonyesha walimu wengi jambo ambalo hawakulifahamu juu yao wenyewe.

Sasa kipeleke chombo hicho katika chumba cha kompyuta. Tuchukulie kwamba mwalimu ameeleza kazi kwa dakika 8, wanafunzi wakaandikiana kwa njia ya kompyuta kwa dakika 25, na dakika zilizobaki zikatumika kwa taarifa za vikundi. Katika zile dakika 25 sauti pekee ni ya vidole juu ya kibodi na ya feni. Tarakimu 500 kati ya 800 zitaandikwa 10, yaani ukimya au vurugu. Katika muda huohuo inawezekana kwamba kila mwanafunzi ameandika na kusoma Kiingereza kingi kuliko alichopata kukisema katika muhula mzima. Inawezekana vilevile kwamba nusu yao walikuwa wakitazama picha za wachezaji wa mpira. Chombo hakina njia ya kutenganisha hali hizo mbili.

Chombo kilichobuniwa mahususi kwa madarasa ya lugha na Allen, Fröhlich na Spada (1984) kinasaidia zaidi. Sehemu yake ya kwanza huandika shughuli moja moja papo hapo: muda wake, namna washiriki walivyopangwa, mada, nani anayeidhibiti mada, stadi inayotumika na zana zilizopo. Sehemu ya pili huchambua mazungumzo yenyewe: je, ni lugha lengwa au ni lugha ya kwanza? Je, msemaji anatoa taarifa ambayo msikilizaji anaweza kuitabiri? Je, usemi ni neno moja au umeendelezwa? Je, anayejibu anaitikia maana au umbo? Maswali haya ni ya manufaa makubwa, na mtafiti anayeanza hana sababu ya kuyabuni upya. Hata hivyo, sehemu ya pili inategemea sikio. Katika darasa letu la kompyuta, chombo kitaandika kwamba stadi ni kuandika na kwamba wanafunzi wako katika jozi. Hakitatuambia kwamba aliyeketi kushoto ndiye aliyetunga na wa kulia ndiye aliyechapa.

Na hapo ndipo penye jambo lisilopata nafasi ya kutosha katika maandishi ya mbinu, nalo ni mkono. Wanafunzi wawili wakigawana kompyuta moja, kipanya kina mkono mmoja. Mwenye kipanya huamua ukurasa upi ufunguliwe, sentensi ipi ifutwe, na mara nyingi wazo la nani liandikwe. Katika madarasa ya mchanganyiko mkono huo unaweza kuwa wa mvulana tangu mwanzo wa kipindi hadi mwisho. Kuandika kila baada ya dakika mbili ni nani aliyeshika kipanya ni jambo rahisi. Halihitaji mafunzo wala mtambo, na linaweza kuonyesha ugawanaji wa nafasi ya kujifunza vizuri kuliko majedwali mengi.

Mpangilio wa chumba nao si suala la mapambo. Kompyuta zikipangwa kandokando ya kuta, mwalimu akisimama katikati huona skrini zote na migongo ya wanafunzi. Zikipangwa kwa safu, huona nyuso na haoni skrini hata moja. Kwa mpangilio wa kwanza anaweza kulifuata umbo la lugha linapojitokeza akalisahihisha papo hapo. Kwa mpangilio wa pili husubiri aitwe. Mchunguzi anayeketi nyuma ya safu huona kile ambacho mwalimu hakioni, na hukumu yake kwamba mwalimu "hakuyashughulikia makosa" huenda ikawa hukumu juu ya fundi seremala aliyeyapanga mameza.

4.0 Mpango na tukio: mfano wa safari ya Dodoma

Breen (1987) alitenganisha kazi kama ilivyopangwa na kazi kama inavyotendeka. Ya kwanza imo katika andalio la somo. Ya pili imo darasani, na mara nyingi ni kitu kingine. Coughlan na Duff (1994) walionyesha kwamba kazi ileile ikipewa watu tofauti, au mtu yuleyule kwa nyakati tofauti, huzaa shughuli tofauti. Ili tuone maana ya tofauti hiyo penye kompyuta, tuchukue mfano wa kubuni.

Mwalimu wa Kidato cha Tatu jijini Dar es Salaam anawapa wanafunzi kazi ya kupanga safari ya watu 60 kwenda Dodoma. Amewatungia ratiba na nauli za mabasi, na za treni mfano wa ile ya reli ya kisasa iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024. Msafara lazima ufike kabla ya saa saba mchana, fedha zina kikomo, na wanafunzi wawili katika msafara hawawezi kupanda ngazi ndefu. Matokeo yanayotakiwa ni barua fupi ya Kiingereza kwa mkuu wa shule yenye pendekezo na sababu zake. Pengo ni la fikra. Prabhu asingekuwa na ugomvi nalo.

Kazi hii ikitekelezwa kwa karatasi, njia ya kulivuka pengo ni moja: kusoma, kulinganisha, kubishana, kuandika. Ikitekelezwa kwa kompyuta, njia ni nyingi. Jozi ya kwanza inafungua ratiba katika skrini na kufanya yaleyale ambayo ingeyafanya kwa karatasi. Jozi ya pili inaingiza nauli katika programu ya majedwali na kupata jumla kwa kubonyeza. Sehemu moja ya pengo imezibwa na mashine, lakini ile ya kupima sababu imebaki. Jozi ya tatu inaandika barua yote kwa Kiswahili na kuipitisha katika programu ya tafsiri. Jozi ya nne inanakili maelezo ya mwalimu, inayaweka katika programu ya akili unde ya aina zilizoenea tangu mwishoni mwa mwaka 2022, na katika sekunde chache inapata barua isiyo na kosa.

Mchunguzi anayekusanya barua mwisho wa kipindi ataipa jozi ya nne alama ya juu. Tukipima kwa vigezo vya Skehan (1998), yaani ufasaha, usahihi na uchangamani, barua yake itazishinda nyingine zote. Lakini hapakuwa na kazi. Palikuwa na mpango wa kazi, na mashine ikalivuka pengo kwa niaba ya wanafunzi. Jozi ya tatu ni ngumu zaidi kuamua, kwani fikra ilikuwapo kikamilifu ila haikupita katika Kiingereza hata kidogo. Kwa mtazamo wetu, swali la kwanza katika shajara ya mchunguzi lisiwe "je, kompyuta zilitumika?" bali "pengo lilikuwa wapi katika dakika hii, na nani alilivuka?" Swali hili linajibika. Linahitaji kumbukumbu ya skrini ya angalau jozi moja, inayoonyesha rasimu, mafuto na nyakati, iwekwe sambamba na sauti ya jozi hiyohiyo. Sentensi iliyojengwa neno kwa neno, ikafutwa, ikajengwa tena, ina historia. Aya iliyotokea nzima kwa mara moja haina.

Hatua ya taarifa, katika mpangilio wa Willis (1996), inapata hapa umuhimu ambao pengine mwandishi wake hakuukusudia. Katika mpangilio huo wanafunzi hutekeleza kazi, kisha hupanga namna ya kuitolea taarifa, kisha huitoa mbele ya darasa. Kuhama kutoka faraghani kwenda hadharani ndiko kunakowasukuma kutafuta usahihi. Mwanafunzi wa jozi ya nne anaweza kuisoma barua yake kwa sauti. Akiulizwa na mwenzake kwa nini hawakuchagua basi la alfajiri, hana pa kushika. Kwa hiyo tunashauri mchunguzi ayaandike maswali ya wasikilizaji kwa ukamilifu zaidi kuliko taarifa zenyewe. Kama hapakuwa na swali hata moja, nalo ni jambo la kuandikwa.

Kuna pia jaribio ambalo halihitaji kupangwa, kwa kuwa hujipanga lenyewe: umeme kukatika. Watafiti wengi huyaondoa masomo ya aina hiyo katika data yao kana kwamba yameharibika. Sisi tunaona ni hasara. Umeme unapokatika katikati ya kazi, mchunguzi anaona wazi ni kiasi gani cha kazi kilikuwa katika vichwa vya wanafunzi na ni kiasi gani kilikuwa katika mtambo. Jozi zinazovuta karatasi na kuendelea kubishana zilikuwa na kazi. Zinazoinuka na kusogea dirishani zilikuwa na kompyuta.

Tusiegemee upande mmoja. Upo ushahidi kwamba maandishi ya papo kwa papo yanaweza kuwafungulia mlango wanafunzi ambao hawasemi. Warschauer (1996) alilinganisha majadiliano ya ana kwa ana na yale ya kompyuta miongoni mwa wanafunzi wa Kiingereza huko Hawaii. Katika yale ya kompyuta ushiriki ulikuwa na usawa zaidi, na lugha ilikuwa rasmi na changamani zaidi. Wanafunzi hao walikuwa 16 tu, wa chuo, na wazoefu wa kibodi kiasi ambacho mwanafunzi wetu wa Kidato cha Kwanza huenda hajafikia. Hata hivyo, atakayekumbuka darasa la wanafunzi 60 ambamo mikono sita ileile ya safu ya mbele hunyooshwa kila siku hataupuuza uwezekano huo. Anayesitasita kusema kwa kuogopa kuchekwa anaweza kuandika.

5.0 Kiswahili ndani ya kazi

Tumefika kwenye suala ambalo, kwa maoni yetu, ndilo litakaloamua kama uchunguzi wa aina hii utawatendea haki walimu na wanafunzi wa Tanzania. Chombo cha Allen, Fröhlich na Spada kinamtaka mchunguzi aonyeshe ni lugha gani inayotumika. Katika majumuisho, lugha ya kwanza huhesabiwa kuwa upungufu. Mthibiti ubora wa shule, au mkaguzi kama alivyoitwa zamani, akisikia Kiswahili katika somo la Kiingereza huandika kwamba lugha ya kufundishia haikuzingatiwa. Mkufunzi anayemtazama mwanachuo wake katika mazoezi ya kufundisha huandika hivyohivyo. Tazama basi mazungumzo yafuatayo, ambayo tumeyatunga kwa mfano wa safari ya Dodoma:

A: Hii inafika saa ngapi?
B: Saa nane. Tumechelewa. Mwalimu kasema kabla ya saa saba.
A: Kwa hiyo tuchukue la kwanza.
B: La kwanza haliwezi kuchukua wote. Andika: "The first bus cannot carry all of us."
A: "Cannot carry" au "does not carry"?
B: "Cannot." Hapa ni halitoshi, si kwamba halibebi watu.

Kwa hesabu ya kawaida, karibu mazungumzo yote ni Kiswahili, na kipande hiki kingewekwa katika safu ya muda uliopotea. Tukikisoma kwa makini tunaona mambo matatu. Kwanza, kauli tatu za mwanzo ndizo zinazoisukuma kazi mbele. Pili, kauli ya A kuhusu "cannot" na "does not" ni swali la sarufi ya Kiingereza lililozaliwa na haja ya maana, jambo ambalo watetezi wa mbinu hii hulitamani na mara nyingi hulikosa. Tatu, jibu la B ni maelezo ya kitenzi kisaidizi cha Kiingereza yaliyotolewa kwa kulinganisha "halitoshi" na "halibebi". Hakuna kitabu cha kiada kilichomwambia aseme hivyo. Ameitumia sarufi anayoimiliki kuikamata ile anayoitafuta.

Swain na Lapkin (2000), walipochunguza wanafunzi wa darasa la nane nchini Kanada waliokuwa wakijifunza Kifaransa, waliyaainisha matumizi ya lugha ya kwanza katika mafungu ya namna hii: kuisukuma kazi, kuelekeza umakini kwenye lugha, na mahusiano baina ya wenzi. Mafungu mawili ya kwanza yamo katika kipande chetu. La tatu lingekuwamo kama B angemtania A kwa kuuliza swali hilo, na mchunguzi mwenye busara asingelidharau hata hilo, kwa sababu utani ndio unaoifanya jozi ivumilie kazi ngumu. Carless (2008) naye, akijadili shule za Hong Kong, aliona kwamba kutumia lugha ya mama katika kazi kuna manufaa yake na hatari zake, na kwamba jawabu haliko katika kuipiga marufuku.

Kwa hiyo tunapendekeza safu ya "lugha" katika jedwali la uchunguzi ivunjwe. Isiulize tu ni lugha gani, bali lugha hiyo inafanya kazi gani na mwishowe inaelekea wapi. Kiswahili kinachoishia katika sentensi ya Kiingereza iliyobishaniwa si sawa na Kiswahili kinachoishia katika Kiswahili. Na Kiingereza kilichonakiliwa kutoka skrini bila neno kusemwa, ingawa jedwali la zamani lingekipa alama kamili, kinastahili safu yake pia. Inashangaza, na pengine inachekesha, kwamba chini ya kanuni ya "Kiingereza tu" jozi ya nne ya mfano wetu, iliyonyamaza ikibonyeza, ingetoka na rekodi safi, na A na B wangeadhibiwa.

6.0 Mchunguzi, mwalimu na kumbukumbu za skrini

Labov (1972) alilitaja fumbo la mchunguzi: tunataka kujua watu wanavyosema wakati hawatazamwi, na hatuna njia ya kujua ila kwa kuwatazama. Katika darasa lenye kompyuta fumbo hili limegeuka sura. Mwili wa mchunguzi unaweza kuondoka. Programu inayonasa skrini hubaki, nayo husahaulika baada ya dakika chache. Data huwa ya asili zaidi, na papo hapo huwa hatari zaidi, kwa kuwa hunasa pia ujumbe ambao mwanafunzi alimwandikia rafiki yake, nywila yake, na ukurasa alioufungua kwa siri. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Lakini hata pasipo sheria, mtafiti anapaswa kuamua mapema kumbukumbu ipi itafutwa, lini, na nani ataruhusiwa kuiona. Mkuu wa shule atataka kuiona. Jibu linafaa liwe limeandikwa kabla hajauliza.

Swali la mwalimu ni zito zaidi. Uchunguzi wa darasani katika mazingira yetu una ukoo na ukaguzi, na mwalimu anayemwona mgeni mwenye daftari hufundisha somo la wageni: kompyuta zote zinawashwa, vikundi vinapangwa, Kiswahili kinafungiwa nje. Vipindi viwili au vitatu vya mwanzo havifai kuwa data. Baada ya hapo, kinachosaidia kuliko vyote ni kumfuata mwalimu mmoja na jozi moja kwa majuma kadhaa badala ya kupitia shule kumi kwa siku moja moja. Utafiti wa namna hii hauwezi kudai kuwakilisha nchi, na hauna haja ya kudai hivyo. Unaweza kusema, kwa uhakika ambao hojaji haina, jinsi pengo moja lilivyovukwa au lilivyokwepwa.

Hatimaye mwalimu aonyeshwe. Aketi na mtafiti, waitazame kumbukumbu ya jozi moja, naye aulizwe alifikiri nini alipopita nyuma ya wanafunzi hao asiseme neno. Huenda alisikia swali la "cannot" na akaamua kulinyamazia makusudi, huenda hakulisikia. Kwa jedwali, matukio hayo mawili ni tukio moja. Mahojiano hayo yafanywe kwa lugha ambayo mwalimu anaitumia kufikiri juu ya kazi yake, na kwa walimu wengi wa Kiingereza nchini lugha hiyo ni Kiswahili, hata kama ripoti itaandikwa kwa Kiingereza.